Mjamzito Mwishoni mwa Foleni: Utafiti wa Chanjo za Virusi vya Mbu na Afya ya Uzazi

Mwaka 1931 watafiti wa magonjwa ya mifugo nchini Kenya walichapisha taarifa ya ugonjwa uliokuwa umewaua wanakondoo kwa wingi na kuwafanya kondoo watupe mimba katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Ukaitwa homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika ulio jirani na Entebbe, Uganda, watafiti waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walipata virusi vipya katika damu ya kima aliyewekwa juu ya jukwaa msituni. Mwaka 1952 na 1953 watu wa uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, walishikwa na homa yenye maumivu makali ya viungo, ambayo leo dunia nzima inaiita chikungunya. Ni virusi vya aina tatu, vyote vikienezwa na mbu, na vyote vilitambuliwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki. Kila kimoja, kwa njia yake, kinaweza kumdhuru mtoto akiwa tumboni au wakati anazaliwa.

Hadi leo, muuguzi wa kliniki ya wajawazito mjini Garissa, Entebbe au Mtwara hana chanjo ya kumkinga mama dhidi ya hata kimoja kati ya hivyo. Wanasayansi hawajalala: chanjo kadhaa zimekwisha pita majaribio ya awali, na za chikungunya zimeidhinishwa katika baadhi ya nchi. Inabaki kuulizwa kwa nini virusi vinavyoumiza mimba vinatafutiwa chanjo kwa utaratibu unaomfikiria mjamzito baada ya watu wengine wote. Ugumu wa kisayansi upo, na nitaueleza. Lakini naamini kikwazo kikubwa zaidi ni mpangilio wa kazi yenyewe, na mpangilio unaweza kubadilishwa.

Madhara yanavyotokea

Zika ndiyo iliyoifumbua macho dunia. Mwaka 2015 madaktari wa kaskazini-mashariki mwa Brazili walianza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida. Mjini Campina Grande, daktari wa wajawazito Adriana Melo alichukua maji ya chupa ya uzazi kutoka kwa akina mama wawili ambao picha za utrasaundi zilionyesha kwamba ubongo wa watoto wao umeharibika. Maabara ikakuta humo virusi vya Zika. Mjini Recife, mtaalamu wa epidemiolojia Celina Turchi na wenzake walilinganisha watoto wenye tatizo hilo na wasio nalo, na uhusiano ukathibitika. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 1 Februari 2016.

Sasa inajulikana kwamba virusi vya Zika hupenya kondo la nyuma, vikafika kwenye seli changa zinazojenga ubongo wa mtoto na kuziua. Katika takwimu zilizokusanywa kwenye maeneo ya Marekani, karibu mjamzito 1 kati ya 20 walioambukizwa alipata mtoto mwenye kasoro inayohusishwa na Zika, na hatari ilizidi pale maambukizi yalipotokea katika miezi mitatu ya kwanza. Wengi wa akina mama hao hawakuwahi kujisikia wagonjwa. Nchini Brazili, watoto waliozaliwa na madhara ya Zika wamekufa kabla ya kutimiza miaka mitatu kwa kiwango cha takriban mara 11 ya watoto wengine.

Wanaume nao wamo. Mwaka 2008 mtafiti mmoja Mmarekani alirudi nyumbani kutoka Senegali akiwa na Zika, na mkewe, ambaye hakuwa amesafiri, akaugua. Huo ulikuwa mmoja wa ushahidi wa mwanzo kwamba virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Baadaye vinasaba vya virusi vilionekana kwenye shahawa miezi kadhaa baada ya homa kupona. Katika panya wa maabara, Zika iliharibu korodani na kupunguza uwezo wa kuzalisha. Kwa binadamu picha ni ya wastani zaidi: katika kundi dogo la wanaume 15 waliofuatiliwa Guadeloupe, idadi ya mbegu ilishuka mwezi wa kwanza kisha ikarejea ndani ya miezi minne hivi. Hiyo haitoshi kusema Zika huwafanya wanaume kuwa tasa, lakini inatosha kuonyesha kwamba chanjo yake haiwezi kuwa shauri la wanawake peke yao.

Homa ya Bonde la Ufa inafuata njia nyingine. Mvua kubwa zinaponyesha, mabonde yaliyokaa makavu kwa miaka hujaa maji. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes yaliyolala kwenye udongo, mengine yakiwa na virusi tayari, huanguliwa. Wiki chache baadaye boma zima hubadilika: kondoo na mbuzi wanatupa mimba karibu kwa pamoja, na wanaozaliwa hai hufa baada ya siku chache. Anayeinama kumsaidia kondoo usiku huo, akashika kondo na damu kwa mikono mitupu, yuko katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Kazi hiyo hufanywa na wanaume kwa wanawake, wakiwemo wajawazito.

Katika mlipuko wa 2006 na 2007, Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155, na Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Takwimu hizo zimerudiwa katika ripoti nyingi. Mimba zilizoharibika hazimo. Wafugaji walikuwa wameona kwa macho yao ugonjwa ukifyeka mimba za mifugo, na bado swali la mimba za wanawake lilisubiri miaka mingi kuulizwa ipasavyo. Lilipoulizwa, katika mji wa Port Sudan, jibu lilishtua. Watafiti walichunguza wajawazito 130 waliofika hospitali wakiwa na homa. Kati ya 28 waliokutwa na homa ya Bonde la Ufa, mimba 15 ziliharibika, yaani asilimia 54. Kati ya 102 ambao hawakuwa nayo, ziliharibika 12. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2016 ni mdogo na wa mahali pamoja, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Miaka miwili baadaye, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walionyesha maabarani kwamba virusi hivi huingia hata kwenye tabaka la nje la kondo la binadamu, tabaka ambalo Zika hushindwa kulipenya.

Chikungunya humvizia mtoto wakati wa kuzaliwa. Mlipuko uliopiga Lamu mwaka 2004 ulisambaa katika visiwa vya Bahari ya Hindi na kufika Réunion, ambako karibu theluthi ya wakazi waliugua mwaka 2005 na 2006. Pale ikaonekana kwamba mama akijifungua huku virusi viko kwenye damu yake, karibu nusu ya watoto huambukizwa, na baadhi yao hupata madhara ya ubongo. Upasuaji haukuwakinga. Homa ya dengi nayo, ambayo imelipuka Dar es Salaam zaidi ya mara moja, ina kisa chake: utafiti wa Brazili ulionyesha kwamba dengi wakati wa ujauzito huongeza karibu maradufu uwezekano wa mtoto kuzaliwa akiwa amekufa, na dengi kali huuongeza zaidi ya hapo.

Kwa nini chanjo zinachelewa

Sababu ya kwanza ni tabia ya milipuko yenyewe. Mwaka 2016 maabara nyingi ziliingia mbioni, na mwezi Machi 2017 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia magonjwa ya kuambukiza ilianza jaribio la awamu ya pili la chanjo ya Zika kwa watu wapatao 2,400 katika nchi kadhaa za Amerika. Lakini maambukizi yalikuwa yamekwisha poromoka. Waliochanjwa na wasiochanjwa hawakukutana na virusi kiasi cha kutosha, na chanjo isiyokutana na ugonjwa haiwezi kuthibitishwa kwamba inazuia. Mwaka huohuo kampuni ya Sanofi ilijitoa kwenye mradi wake wa Zika. Moderna, Takeda na Valneva ziliendelea na majaribio ya hatua za mwanzo na za kati, lakini hakuna chanjo iliyofika sokoni.

Katika hali hiyo ukaibuka mjadala mzito wa maadili: je, watu wanaojitolea waambukizwe Zika kwa makusudi ili kupima chanjo? Jopo la wataalamu nchini Marekani lilisema mwaka 2017 kwamba wakati bado, kwa sababu hatari ingeweza kuwafikia wapenzi wao na watoto wasiozaliwa, ambao hawakutoa ridhaa. Baadaye, maarifa yalipoongezeka, watafiti wa Johns Hopkins walifanya jaribio la namna hiyo kwa kikundi kidogo cha wanawake wasio wajawazito chini ya uangalizi mkali. Ni njia halali ikisimamiwa vizuri, lakini haijibu swali la msingi: kinga hiyo itamlinda mtoto aliye tumboni?

Sababu ya pili ni undugu wa Zika na dengi. Kingamwili za kimoja zinaweza kukifanya kingine kiwe kikali zaidi. Ufilipino iliionja hatari ya jambo la aina hii: baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa dhidi ya dengi kwa chanjo ya Dengvaxia, mtengenezaji alitangaza mwezi Novemba 2017 kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, chanjo hiyo inaweza kuongeza hatari ya dengi kali. Kampeni ikasitishwa na imani ya wazazi kwa chanjo nyingine ikatikisika. Mwaka 2020 watafiti waliofuatilia watoto wa Nikaragua walionyesha kwamba hata maambukizi ya Zika yanaweza kuandaa njia ya dengi kali. Kwa hiyo mtengenezaji wa chanjo ya Zika analazimika kuthibitisha kwamba hamwongezei mama tatizo la pili.

Sababu ya tatu ni jinsi chanjo inavyotengenezwa. Chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa mara nyingi hutoa kinga imara kwa dozi moja, lakini mjamzito kwa kawaida hapewi, kwa kuhofia virusi hivyo kumfikia mtoto. Chanjo ya chikungunya ya Ixchiq, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2023, ni ya aina hiyo. Mwaka 2025 ilitumika Réunion wakati wa mlipuko mpya, yakaripotiwa madhara makubwa kwa wazee, na mwezi Agosti Marekani ikasimamisha leseni yake. Chanjo ya pili, Vimkunya, haina virusi hai. Ina chembe zinazofanana na virusi ambazo haziwezi kuzaliana. Kwa maumbile, chanjo za kundi hili zinampa mjamzito matumaini zaidi, ila matumaini si ushahidi.

Funzo kutoka zizini

Kuhusu homa ya Bonde la Ufa, ushahidi wa hatari ya chanjo ya virusi hai kumfikia aliye tumboni tunao hapa nyumbani. Chanjo ya mifugo iliyotumika kwa muda mrefu zaidi inatokana na virusi vilivyopatikana kwenye mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, na kudhoofishwa na mtafiti Smithburn. Inakinga vizuri kwa dozi moja na ni rahisi kuitengeneza. Lakini inaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe, au azae mwanakondoo mwenye kasoro. Mfugaji ananunua chanjo ya kuzuia ugonjwa unaotupa mimba, na chanjo yenyewe inatupa mimba. Baadaye ikaja Clone 13, iliyoidhinishwa Afrika Kusini mwaka 2010 na kusifiwa kuwa salama zaidi. Hata hiyo, ilipotolewa kwa kipimo kikubwa kwa kondoo walio mwanzoni mwa mimba, ilivuka kondo na kuwadhuru watoto.

Funzo hili linastahili kuandikwa kwenye ukuta wa kila maabara inayotafuta chanjo ya binadamu: usalama katika mimba haukisiwi, unapimwa, na unapimwa mapema.

Mradi mmoja umelizingatia. Mwanasayansi Mkenya George Warimwe, akifanya kazi Kilifi na Chuo Kikuu cha Oxford, aliongoza utengenezaji wa chanjo ya ChAdOx1 RVF, inayotumia virusi vya mafua ya sokwe visivyoweza kuzaliana kubeba sehemu ndogo ya virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Ilijaribiwa kwa kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mwaka 2019 ikachapishwa taarifa kwamba kondoo na mbuzi wenye mimba waliochanjwa hawakudhurika na walikingwa dhidi ya ugonjwa. Kisha ikafuata kwa binadamu: watu wazima 15 nchini Uingereza, ambao matokeo yao yalichapishwa 2023, halafu jaribio jingine Uganda, huku shirika la CEPI likitoa fedha za awamu ya pili nchini Kenya. Upande mwingine, watafiti wa Uholanzi wametengeneza chanjo ya virusi hai vilivyogawanywa vipande vinne badala ya vitatu vya asili, na ikafika kwenye majaribio ya binadamu huko Ubelgiji.

Wazo la chanjo moja kwa mifugo na watu lina uzito wa pekee kwa eneo letu. Kondoo aliyekingwa hatupi mimba yenye virusi mikononi mwa mama. Kuchanja zizi, kwa hiyo, ni sehemu ya kulinda uzazi wa binadamu. Ila lazima kufanyike kabla ya mvua. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitumika kwa mnyama baada ya mnyama inaweza kuvisambaza virusi vyenyewe, na serikali inayosubiri vifo ndipo iagize chanjo itakuwa imechelewa.

Mjamzito na majaribio

Wanaomweka mjamzito nje ya majaribio wana hoja inayostahili heshima. Dawa ya thalidomide, iliyotumiwa na wajawazito mwishoni mwa miaka ya 1950, iliwaacha maelfu ya watoto na viungo visivyokamilika, na dunia ikajifunza woga. Lakini thalidomide iliuzwa bila kupimwa ipasavyo kwa mimba. Funzo lake ni kupima kwa makini. Kukataa kupima kunarudia kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

Kumwacha mjamzito nje hakumwondolei hatari. Kunaihamisha tu kutoka chumba cha utafiti, palipo na daktari, vipimo na ufuatiliaji, hadi nyumbani wakati wa mlipuko, ambapo hana chochote. Tuliliona Kongo. Mlipuko wa Ebola ulioanza Kivu Kaskazini mwaka 2018 ulikuwa na chanjo yenye ufanisi, lakini wajawazito hawakuruhusiwa kuipata hadi katikati ya 2019, ingawa Ebola ni hatari kubwa kwa mjamzito na karibu hakika humuua mtoto wake. Kwa upande mwingine, chanjo ya mjamzito dhidi ya RSV, virusi vinavyoziba mapafu ya watoto wachanga, ilijaribiwa kwa wajawazito zaidi ya 7,000 katika nchi 18 na kuidhinishwa mwaka 2023. Inawezekana, watafiti wakiamua.

Lipo pia swali la nani achanjwe. Kwa Zika, mama wengi hujua wana mimba baada ya wiki za hatari zaidi kuanza kupita. Hapa rubela inatupa kielelezo. Ugonjwa huo mwepesi kwa mtoto mkubwa huharibu macho, masikio na moyo wa aliye tumboni. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa kuwachanja watoto wote, wa kike na wa kiume, miaka mingi kabla ya uzazi. Ndivyo Tanzania ilivyoanza mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Chanjo ya Zika ikipatikana, mpango wa busara ni wa hatua mbili: vijana wakingwe kabla ya umri wa kuzaa, na iwepo chanjo iliyothibitishwa kuwa salama kwa yule ambaye mlipuko unamkuta tayari ana mimba.

Mpango huo utaanguka bila imani ya watu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF walikanusha, lakini hofu ilikwisha enea. Chanjo yoyote itakayotangazwa kuwa ya kulinda uzazi itakutana na hofu hiyohiyo mlangoni. Haitatulizwa kwa matangazo ya redio wiki moja kabla ya kampeni. Itatulizwa kama wakunga, viongozi wa dini, wafugaji na wanawake wenyewe wameketi na watafiti tangu jaribio linapopangwa, wameonyeshwa takwimu za mimba, na wamejibiwa maswali yao bila kudharauliwa.

Kinachopaswa kufanyika

Wizara za afya za Afrika Mashariki zianze na jambo lisilohitaji teknolojia mpya: kila mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, chikungunya, dengi au Zika uhesabu wajawazito walioambukizwa, mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu, kama unavyohesabu vifo. Bila takwimu hizo, hakuna mtengenezaji atakayeona sababu ya kuharakisha, na hakuna mfadhili atakayeshawishika.

Kamati za maadili ya utafiti nazo zibadilishe swali. Mtafiti anapoleta mpango wa chanjo ya virusi vinavyojulikana kudhuru mimba, atakiwe aeleze ni lini na kwa hatua zipi mjamzito ataingia, wanyama wenye mimba watapimwa lini, na wanawake watakaoshika mimba katikati ya jaribio watafuatiliwa vipi hadi watoto wao wakue. Asiye na majibu hayo arudishwe akajipange upya.

Fedha pia ni zetu kuamua. Senegali na Mauritania zilipatwa na homa ya Bonde la Ufa mwaka 2025, na mvua zitairudisha kwetu wakati wowote. Bajeti ya kuchanja mifugo kabla ya msimu, na ya kuendeleza majaribio yanayofanyika Kilifi na Entebbe, ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya mlipuko mmoja.

Na wewe msomaji, kama unaishi palipo na mbu hawa, au una dada, mke au binti wa umri wa kuzaa, uliza swali hili kwa mbunge wako, kwa daktari wako na kwa mtafiti atakayekuja kijijini: chanjo mnayoitafuta itamfikia mjamzito lini? Miaka zaidi ya 90 tangu kondoo wa Naivasha watupe mimba inatosha kwa kusubiri. Mjamzito ana haki ya kupewa tarehe.